Dodoma kavu hivi, na funza wanataka maji

Mwezi wa pili mama mkwe alikuja kutoka Kongwa, kaja na matetea wawili kawafunga miguu kwa kitambaa na kimfuko cha karanga, tukasalimiana pale, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanywa uji wake akapumzika. Jioni akasema ngoja akawafungue kuku wake wazoee uwanja. Hazikupita dakika mbili nikasikia anamwita mume wangu kwa ile sauti ya mtu aliyekuta nyoka, nikaacha mboga jikoni nikatoka mbio, namkuta kasimama na mfuniko wa ndoo mkononi, pua kaziba na kanga.

"Mwanangu, hii ndoo imeoza! Imejaa funza, na mtoto anacheza hapa hapa!"

"Mama, hao nimewaweka mwenyewe."

Akaniangalia. Akamwangalia mwanae ambaye na yeye alishafika, mwanae akaangalia pembeni, maana kwenye hili la funza hajawahi kunitetea hata siku moja.

"Umewaweka mwenyewe. Hawa wa kuingia watu miguuni?"

Na hapo simlaumu, maana Kiswahili chetu kimewapa hawa wadudu jina moja na tekenya, yule wa kuchimba kwenye kidole cha mguu mpaka utolewe na sindano, na mtu aliyekulia kijijini kwenye vumbi akisikia funza anawaza mguu kwanza. Wataalamu wanasema mabuu, ila mimi nikisema mabuu hakuna anayenielewa hapa mtaani kwahiyo nabaki na funza na maelezo marefu. Hawa wangu ni watoto wa nzi mmoja mweusi, mwembamba, ukimuona haraka utadhani nyigu, kiunoni ana sehemu mbili zinazopitisha mwanga kama vioo vidogo na miguu yake kwa chini ni myeupe kama kavaa soksi. Jina la kitaalamu ni Hermetia illucens, wanaofuga wanamuita BSF, kifupi cha jina lake la Kiingereza, black soldier fly, wengine nzi chuma. Haumi, hana mpango na chakula chako, akishakuwa nzi mkubwa anaishi kwa mafuta aliyojiwekea utotoni na tone la maji, wiki moja hivi, akijitahidi sana mbili, anapandana, anataga, anakufa. Kula kote alishamaliza akiwa funza.

Nilimueleza mama haya yote. Akasema "haya", ile haya ya mkwe.

Sasa niwaambie nilivyofika huku. Nina kuku wachache tu nyumbani Mkonze, chotara sitini na kitu na wa kienyeji kumi na wanne, sio mradi wa kujisifia, ni wa kulipia ada na chumvi. Chakula nachanganya mwenyewe, pumba za mahindi zipo, mashudu ya alizeti kwa sisi wa Dodoma na Singida sio tatizo, tatizo ni dagaa wa protini. Dagaa wanatoka ziwani huko Mwanza mpaka wakufikie hapa katikati ya nchi wameshapita mikono mingapi, na kila mkono unaongeza bei na mchanga. Mchanga siusingizii. Kuna siku nilichukua kilo moja nikaimimina kwenye beseni la maji nikaivuruga na mwiko, dagaa wakaelea, chini kikabaki kitu, nikamwaga maji taratibu nikakianika kwenye sahani, kilipokauka ulikuwa mchanga safi kabisa wa kujengea, na magamba ya konokono. Nilikaa kwenye kigoda nikaiangalia ile sahani muda mrefu. Nikasema hapana, kuna namna nyingine.

Namna yenyewe nikaipata kwenye video, kijana anamwaga funza kwenye banda, kuku wanapandana migongoni kugombania. Rahisi kweli kweli! Weka taka kwenye ndoo, nzi watakuja, funza hao, kuku hao. Video nyingi zimepigwa pwani au Uganda kwenye majani ya kijani mpaka mlangoni, na mimi sikuliwaza hilo. Niko Dodoma, mvua tunapata msimu mmoja kuanzia Desemba mpaka Aprili, mwaka mzima ikijitahidi ni milimita mia tano hamsini, mia sita. Mwezi wa nane upepo wa hapa unakausha kanga kabla hujamaliza kuitundika. Kila kosa nililofanya kwenye hii kazi, ukilifuatilia mwisho wake, ni maji, yamepungua au yamezidi.

Kosa la kwanza ni Agosti 2023. Nilikuwa nimeweka ndoo ya taka uani wiki tatu kusubiri nzi wa porini waje wenyewe, waliokuja ni nzi wa chooni. Wale wenyewe wanakuja zaidi wakati wa mvua, kiangazi usiwasubiri. Nikaagiza mayai kwa kijana mmoja Morogoro, gramu mbili. Usidharau gramu, gramu moja ni mayai kama elfu arobaini, kila yai lina urefu wa milimita moja hivi, jeupe la kuelekea njano, yamelala kwa mafungu. Treni ya SGR ilikuwa bado haijaanza, yakaja na basi kwenye kiboksi kilichotobolewa matundu, nikayapokea stendi saa tisa mchana jua linawaka. Nikayaweka juu ya chakula chao kama nilivyoelekezwa, stoo, dirisha wazi hewa ipite. Mayai yanatakiwa kutoboa siku ya nne. Ya nne kimya, ya tano kimya, ya sita nikachukua miwani ya mama mwenye duka nikayatazama, yamesinyaa, yamekuwa kama vipande vya ukoko. Elfu themanini wamekufa na mimi nilikuwa nafungua dirisha wapate hewa.

Kijana wa Morogoro nikampigia na hasira zangu, akaniuliza swali moja tu, dada huko midomo inapasuka? Nikamwambia inapasuka, huku kila mtu anatembea na mafuta ya mgando mfukoni. Akasema basi na mayai yanapasuka. Yai la huyu nzi ganda lake ni jepesi mno, hewa ikiwa kavu linanyonywa maji yake lote kabla mtoto hajakua, kwahiyo huku kwetu yai halikai hewani hata kidogo. Sasa hivi nafanya hivi: ndoo ndogo, chini pumba iliyoloweshwa, juu yake kichujio cha chai nimekipachika kisiguse chini, mayai kwenye kichujio, halafu mdomo wote wa ndoo nimefunika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, asubuhi nalowesha, mchana nalowesha, usiku kabla ya kulala nalowesha. Wakitoboa wanadondoka wenyewe kwenye pumba. Kwa macho huwaoni siku mbili za kwanza, unaona tu pumba inatembea.

Chakula cha vichanga ndo hiko, pumba laini na maji, wengine wanawapa chakula cha vifaranga. Siku tano hivi, halafu unawahamishia kwenye taka. Na hapo kwenye taka ndo naona watu wanajichanganya sana, wanadhani funza anakula chochote kilichooza. Anakula, ndiyo, ila anakula kama wewe, ukimpa maganda matupu anakua polepole na mwembamba. Mimi nina bahati ya majirani. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mama anapika pombe ya mtama, machicha yake zamani alikuwa anampa mwenye nguruwe, sasa tunagawana. Machicha ni mfalme, hakuna kitu nimewahi kuwapa wakanenepa kama machicha. Mabaki ya mama lishe wa pale barabarani, ugali, wali, maharage, ninaenda na ndoo yangu jioni, yeye nampa mayai sita kwa wiki. Matikiti na maembe yakijaa sokoni nachukua yaliyopondeka. Halafu kuna makapi ya zabibu, hiki ni cha kwetu Dodoma tu, msimu wa kukamua unapokuja, mwezi wa pili wa tatu na tena wa nane wa tisa, makapi yanamwagwa. Wanakula nyama na maganda, mbegu wanaacha, na peke yake ni makali hayawanenepeshi, changanya na machicha nusu kwa nusu utaona.

Ila angalieni dawa. Nilichukua majani ya kabichi sokoni, ya nje yale yanayochambuliwa, gunia zima la bure, furaha tele. Kesho yake asubuhi ndoo mbili hawasogei. Mkulima alipuliza dawa karibu na kuvuna, na hawa mwisho wa siku ni wadudu, dawa ya wadudu haiwabagui. Sasa jani lolote lenye kuliwa na wadudu shambani silichukui kama sijui limetoka wapi. Kinyesi cha kuku pia wanakula vizuri tu lakini mimi sitaki, sitoi kitu bandani nikakirudisha bandani kwa mlango mwingine, mdondo ulishanimalizia kuku mara moja kabla sijajua habari ya chanjo na inatosha.

Taka iwe na maji kiasi gani? Chukua kwa mkono, minya. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, sawa. Yakitiririka, ongeza pumba au maranda. Isipotoka kitu, maji. Na kina kisizidi sentimita tano, maana chini ya hapo hawafiki, inachacha, inanuka, na mtu anasema funza wananuka kumbe ni uvivu wake. Ndoo yenye funza wa kutosha inanuka kama togwa iliyolala. Na nzi wa chooni wakikuta hawa wamejaa hawapendi kutaga hapo, hilo nimeliona mwenyewe, na ndo kitu pekee kilichomfanya mume wangu aache kununa.

Halafu ukiweka mkono juu yao unasikia joto. Sio joto la jua, ni la kwao, elfu kumi kwenye beseni moja wanasuguana na kula usiku na mchana, mchana wa Oktoba nimeshapima kwa kipimajoto cha homa cha mtoto kikafika mwisho kikaanza kulia. (Nilikiosha. Nilikiosha mara tatu.) Wakizidiwa wanapanda juu kwa wingi kutafuta hewa, hapo punguza kina au wagawe, na beseni lisikae juani.

Kupanda juu kunanileta kwenye mvua. Hii nilikuwa nimeapa sitaiandika.

Januari 2024, mnakumbuka zile mvua za El Nino, Dodoma ilinyeshewa kama Bukoba. Mabeseni yangu manne yalikuwa chini ya bati la uani, bati lina tundu nililokuwa nalijua, nikasema kiangazi chote halijanisumbua. Usiku mvua imepiga kuanzia saa nne mpaka alfajiri. Kitu ambacho video haikusema ni kwamba funza mkavu hawezi kupanda ukuta wa plastiki, anateleza, lakini funza aliyelowa anapanda popote, ngozi ikiwa na maji inashika kama karatasi iliyolowa kwenye kioo, ndoo, beseni, ukuta, mlango, hana anachoshindwa. Na chakula kikijaa maji anakosa hewa kwahiyo sababu ya kuondoka anayo, na uwezo wa kuondoka mvua imempa.

Wametoka wote. Wamepita chini ya uzio, wameenda kwa jirani. Jirani yangu ana baraza zuri lenye vigae vyeupe, vyeupe kabisa, alipoamka kuswali alfajiri akawasha taa ya nje, akaona baraza lake linatembea.

Saa kumi na mbili na nusu balozi wa nyumba kumi yuko mlangoni kwangu na mwavuli. Mimi niko na ufagio na ndoo nafagia vigae vya watu nalia na kucheka, jirani kasimama mlangoni kwake hasemi neno, mtoto wake mkubwa anarekodi. Nikaomba radhi. Balozi akasema mama, ufugaji ruksa, lakini mifugo ikae kwako. Nikasema ndiyo mzee. Kuku walikula siku ile mpaka wakalala mchana, na jirani nikampelekea trei mbili za mayai, akapokea, akauliza haya mayai ni ya kuku waliokula wale? Nikamwambia hapana, ya kabla. Ilikuwa kweli, kidogo.

Toka siku hiyo mdomo wa kila beseni naupaka pumba kavu kwa ndani, upana wa vidole vinne, na bati nimeziba. Na miguu ya meza yote iko kwenye makopo ya oili chafu, hiyo ni kwa ajili ya sisimizi, ambao walinimalizia mayai msimu mwingine, sitarudia hadithi, weka makopo tu.

Funza akishakula kama wiki mbili, joto likiwa zuri, anaanza kubadilika, kutoka weupe anakuwa kahawia, kisha mweusi. Huyo mweusi kaacha kula, anatafuta pakavu na giza akalale, na hapa ndo uzuri wa huyu mdudu, anajivuna mwenyewe. Ukiweka ubao wa kupandia ndani ya beseni kwa mlalo wa wastani, anaupanda usiku anadondoka kwenye ndoo ya nje, asubuhi unaenda unakuta ndoo inachakarika. Wa kuku mimi nawavuna bado weupe, wamenona na ngozi bado laini, nachekecha kwa chekecheke ya mchanga ya fundi. Weusi ni wa mbegu. Kila beseni natoa kikombe kimoja cha chai cha weusi nakiweka kwenye maranda makavu kidogo gizani, wiki mbili hivi wanatoka nzi. Mwezi wa sita na wa saba usiwangoje kwa wiki mbili, Dodoma usiku unashuka mpaka digrii kumi na tatu, kumi na nne, wanalala mpaka unadhani wamekufa, mimi mwaka jana niliwaweka jikoni karibu na jiko la mkaa nyuma ya ndoo ya unga, na mama mkwe hilo halijui mpaka leo.

Sasa neti, nyumba ya nzi wakubwa wapandane na kutaga. Wengi wanaishia hapa. Wanafuga funza vizuri mara moja, mbegu inakwisha, wanarudi kununua, wanasema haina faida. Neti yangu ni chandarua cha kitanda tu, nimekitundika kwenye fremu ya mirunda upande wa mashariki wa nyumba, maana hawa bila jua la kweli hawapandani, taa ya umeme ya kawaida haiwadanganyi. Saa mbili mpaka saa nne asubuhi ukikaa hapo unawaona, dume anamrukia jike hewani wanadondoka wote kwenye jani wamegeukiana mikia, wanakaa hivyo wametulia kabisa. Binti yangu aliniuliza mama hawa wanafanya nini, nikamwambia wanaongea.

Chini ya neti kuna ndoo ya chambo, taka za zamani zenye harufu yake, imefunikwa wavu ili wasizame, juu yake ndo vijiti vya kutagia. Jike hatagi kwenye chakula chenyewe, anataga pembeni kwenye ufa mkavu mwembamba, mayai mia tano na zaidi kwa mkupuo mmoja, ndo kazi yake imeisha. Watu wanatumia maboksi, yale matundu ya pembeni ya kadibodi. Nilitumia, ila huku kwetu boksi linanyonya unyevu wa yai. Nikahamia mbao, vipande vitatu vya mbao laini vya urefu wa kiganja, katikati naweka pini za kichwa ziache nafasi, nafunga na mpira wa kufungia nywele. Nafungua baada ya siku mbili, na hiki ndo kipande ninachokipenda kwenye kazi yote. Unafungua ubao taratibu na kwenye ule mstari wa katikati unakuta ukanda wa mayai, umepangwa, mwingine mweupe wa leo mwingine umeanza njano wa jana, unakwangua kwa ncha ya kisu cha mezani yanatoka kwa kipande kama ukoko wa maziwa. Mkono usitetemeke. Napulizia maji ya chupa ile ya saluni juu ya neti mara tatu kwa siku, kiangazi mara tano, maana nzi mwenyewe anakunywa hayo matone, na siku nisipopulizia kesho yake sakafu ya neti ni nyeusi kwa waliokufa. Chini nimetandika magunia nayamwagia maji. Wateja wa mayai ya kuku wakija wananikuta napulizia hewa tupu, wameshazoea.

Haya, kuku. Niwe mkweli, dagaa mzuri bado ana protini nyingi kuliko funza. Funza mkavu ni kama asilimia arobaini protini na mafuta mengi, theluthi hivi, inategemea alikula nini, na ana madini ya chokaa ya kutosha kwa ganda la yai. Kwahiyo sio kwamba unatoa kilo ya dagaa unaweka kilo ya funza hesabu imeisha. Mimi dagaa nimewapunguza zaidi ya nusu, sijawafuta. Na tamaa ilinifundisha, mwanzoni nilikuwa namwaga funza asubuhi mchana jioni kwa vile ni wa bure, kuku wakaacha kula pumba, wanasimama mlangoni kunisubiri kama wadai, wakawa wazito, kinyesi chepesi, trei zikapungua. Nilipochinja mmoja tumboni mafuta ya njano yamejaa kama ya bata. Sasa ni gao moja jioni, kiganja kimoja kwa kuku watatu wanne, na pumba na mashudu ndo chakula.

Wabichi wanaochakarika ndo wanawapenda, ila mimi nawatumbukiza kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu kisha naanika kwenye turubai, kwa sababu walikuwa kwenye taka na sitaki kujua taka ina nini. Jua letu hapo ndo linalipa deni lake, siku mbili wamekauka wanalia kama bisi, kilo tatu za wabichi zinabaki moja. Nawaweka kwenye debe kwa ajili ya wiki ambazo neti imegoma. Beseni la funza elfu kumi linanipa kilo mbili hivi za wabichi likienda vizuri, na hapo limekula kilo kumi na tano za taka, zinazobaki ni kama udongo mweusi naupeleka kwenye mchicha na chainizi. Mchicha wa pale nyuma ya choo nauzia mtaa mzima, na mteja wa kwanza ni yule jirani wa vigae.

Mama mkwe alikaa siku tisa. Siku ya tatu alikuwa anafunua ndoo mwenyewe kuangalia. Siku ya sita nilimkuta na matetea wake wawili amewawekea funza kwenye kifuniko, anawahesabia, huyu wa kwako, huyu wa kwako. Aliondoka na kikombe cha weusi kwenye kopo la maziwa, chandarua cha zamani, na vibao vitatu, kondakta akamuuliza kopo lina nini akasema dawa.

Juzi kanipigia. Nzi wametoka, wametaga, mayai kayaona, leo siku ya tano hayajatoboa.

"Mama, kitambaa unalowesha?"

"Mara moja asubuhi."

"Mara tatu mama, na upepo huu hata nne."

Kimya. Nasikia kuku wake nyuma.

"Mwanangu, dumu la maji hapa nanunua. Ninunue maji niwanyweshe nzi?"

Nikamwambia sio lazima maji safi, atumie hata yale aliyooshea mchele.

"Mchele gani?" akasema. "Sisi huku tunakula ugali."